Ukurasa wa Samaki

Mbinga Mjini
14 Oktoba 2023

Mwanangu Hasna,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Sisi ni wazima, tunasubiri mvua kama kila mtu. Mumeo Salumu hajambo? Duka linaendaje? Chumba ulichokuwa unalala ulipokuwa unasoma sekondari hapa kwangu sasa kimejaa chupa mpaka dirishani. Ukija utalala na mimi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni la kusoma mara mbili, na simu ya kuvuka ziwa hukatika mtu hajamaliza hata kuulizana hali. Isitoshe kuna boksi ambalo lazima lije kwa boti, kwa hiyo barua imepata pa kupanda.

Unakumbuka majani ya utupa niliyokuwa nikikutuma kuyachuma nyuma ya jiko, tukayaponda na kuyachanganya na maharage ili yasibunguliwe? Ndiyo hayo hayo. Kikundi chetu cha akina mama wa Mbuji sasa kinayachemsha, kinayachuja na kuyatia kwenye chupa. Ukipulizia mahindi, viwavijeshi wanaanguka. Hapa kwetu dawa imeshasajiliwa kihalali na inauzwa Mbinga, Kitai, mpaka Songea. Tumeipa jina Kinga ya Mbuji.

Sasa tunataka iuzwe huko Malawi. Mahindi ni yale yale na viwavi ni wale wale. Kijana mmoja msomi, Rodrick Hyera, ametuandalia faili. Anasema sheria ya huko inataka mtu mwenye makazi ndani ya nchi aipeleke dawa kwenye bodi ya viuatilifu na kuisimamia. Huko sina mtu mwingine, na hata ningekuwa naye ningekuchagua wewe.

Boksi amelifikisha Mbamba Bay mdogo wako Norbert. Siku hizi anaendesha lori la makaa ya mawe la mgodi wa Ngaka, na safari nyingine anaingia Malawi kabisa, ila hiyo siku alikuwa na nafasi ya kushuka bandarini. Ndani kuna sampuli, faili, na kilo chache za maharage yako.

Hasna, akina mama wamejitoa. Scolastika, mwenyekiti wetu, ameng'oa migomba yake akapanda utupa. Nikikutana naye njiani huwa ananiuliza kabla ya salamu, "Malawi wanasemaje?"

Mama yako,
Ottilia Kapinga


Nkhata Bay
9 Novemba 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Boksi limefika, hakuna chupa iliyopasuka. Salumu ameyaona maharage akasema sasa anajua kwa nini kila siku nayasema ya hapa vibaya.

Nimekwenda Lilongwe. Ofisini nilipokelewa na mama mmoja mtu mzima, mtaratibu, anayesoma kila karatasi huku amelaza kidole juu ya mstari. Alisoma faili lote mbele yangu. Kwa ufupi wanataka mambo haya. Dawa ijaribiwe kwenye mashamba yao ya utafiti, misimu miwili ya mahindi. Lebo iandikwe Kichewa pamoja na Kiingereza, na Kitumbuka kwa ajili ya watu wa kaskazini. Cheti kitatoka kwa jina la wakala aliye hapa, yaani langu, na kama dawa itamdhuru mtu au kitu, mimi ndiye nitakayeitwa. Nilisaini.

Kisha alifika kwenye ukurasa ambao Rodrick ameuacha mtupu. Juu yake wameandika: athari kwa samaki.

Akaniuliza, "Nyumba yako iko umbali gani na ziwa?"

Nikamwambia, "Nikimwaga maji ya kuoshea vyombo, yananitangulia kufika."

Akasema, "Basi ukurasa huu ni wako kuliko wangu."

Mama, nakumbuka ulinikataza kuosha mikono kisimani baada ya kuponda utupa. Sikuuliza kwa nini, nilikuwa mtoto wa watu, naogopa kuuliza maswali mengi. Sasa nauliza. Tuandike nini hapo?

Majaribio ya shambani wamekubali yaanze msimu huu, maana mvua haitungoji. Ukurasa tunaweza kuupeleka baadaye, lakini bila huo cheti hakitoki.

Mwanao,
Hasna Masoudi


Mbinga
28 Novemba 2023

Mwanangu Hasna,

Asante kwa kwenda. Nimeisoma barua yako kwa sauti kikundini, na Scolastika akaomba niyarudie maneno ya misimu miwili, akidhani nimekosea.

Habari ya samaki. Ni kweli wazee wetu walikuwa wakiponda utupa wakautia mtoni kiangazi, samaki wanalegea, watu wanaokota. Bibi yangu alifanya hivyo, tukala, hakuna aliyeumwa. Sasa imekatazwa na ni vizuri ikatazwe. Lakini sisi hatutengenezi dawa ya mtoni. Tunatengeneza dawa ya shambani. Rodrick anasema tukilianza hilo neno, bodi itashikwa na woga, faili litalala mpaka sote tuzeeke. Anashauri uandike kwamba haihusiki, kwa kuwa matumizi yake ni nchi kavu. Naona ana hoja. Andika hivyo.

Jambo la pili ni dogo. Rodrick aliuliza: cheti kikiwa na jina la Hasna, dawa ni ya nani? Nikamjibu huyo nimemlea mimi, alikula kwangu, na mwezi wa Ramadhani nilikuwa naamka kumpashia daku mimi mwenyewe na rozari yangu shingoni. Nakuambia tu ili ujue kwamba liliulizwa.

Msalimie Salumu.

Mama yako,
Ottilia


Nkhata Bay
23 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini mmeingia mwaka salama.

Shamba la majaribio nimeliona. Liko bara, mbali na huku kwetu, na mahindi yaliyopuliziwa dawa yetu yamesimama vizuri. Mtafiti kijana alinionyesha viwavi waliokauka ndani ya majani. Hilo wapelekee akina mama.

Ukurasa ule sijaupeleka. Nina sababu ambayo siwezi kuiandika vizuri sasa hivi.

Nikuulize mama, chupa zote zikishajazwa huwa zinapita mikononi mwako? Kuna mtu mwingine mwenye ufunguo wa kile chumba? Na Norbert hajambo? Bado anapita njia hii ya kando ya ziwa?

Usinielewe vibaya. Nauliza tu.

Hasna


Mbinga
2 Machi 2024

Hasna,

Nimeingoja barua nyingine kutoka kwako, haikuja. Nimepiga simu, hupatikani.

Tunu wa Mbamba Bay, yule anayeuza vitenge, amerudi kutoka huko kwenu. Anasema ameziona chupa zetu sokoni, zile za kifuniko cha njano, zimebanduliwa lebo. Alipomuuliza muuzaji zimetoka wapi, akajibiwa, "Kamuulize Hasna, yeye ndiye anayezichukua zote." Tunu anakujua tangu ukiwa mtoto dukani kwa baba yako Masoudi. Hana sababu ya kukusingizia.

Nimelala na hilo neno, nikaamka nalo. Uliniuliza kuhusu ufunguo, sasa ninaelewa kwa nini. Ulikuwa unapima nimejua kiasi gani. Rodrick ameniambia waziwazi kwamba jina unalo, faili unalo, na sasa mali unayo, na Mbuji hatuna tunachoweza kudai mbele ya mtu yeyote. Safari hii sikukutetea.

Dawa haijasajiliwa huko. Wewe ndiye uliyesaini. Ikikamatwa sokoni, kila kitu tulichopanda kinakuwa kuni.

Sijawahi kukuandikia namna hii, na sikutegemea kwamba ingefika siku. Tafadhali mpe Tunu faili letu katika safari yake ijayo.

Ottilia Kapinga


Nkhata Bay
15 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Bado wewe ni mama yangu, hata kama hukusaini hivyo.

Faili nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni, Tunu atakapokuja atalichukua. Kabla hujalipokea, nisikilize.

Kuna mama mmoja mjane hapa anaitwa Beata. Anafuga perege kwenye mabwawa aliyochimba na marehemu mumewe, bondeni, chini ya shamba la mahindi la jirani yake. Mwanzoni mwa Januari jirani alipulizia viwavi. Alipomaliza aliliosha bomba la kupulizia kwenye mfereji, na mfereji ule ndio unaojaza mabwawa. Asubuhi Beata alikuta samaki wote wameelea, matumbo juu, wakubwa kwa vifaranga. Hakupiga kelele. Alikwenda kwa jirani, akaomba chupa ya dawa, akaja nayo dukani kwangu kwa sababu ninauza mbegu na mbolea.

Akaniambia, "Hasna, wewe unajua mambo ya dawa. Hii ni nini?"

Niliifungua, nikanusa. Mama, ile harufu ni ya nyuma ya jiko lako. Nikaifunga nikamwambia, "Sijui."

Kisha nilikwenda sokoni nikamkuta muuzaji nazo. Akasema zinaletwa na dereva wa lori la makaa. Ndipo nilipokuandikia kukuuliza habari za ufunguo na za Norbert, kisha nikamvizia barabarani mpaka akapita. Ni Norbert. Aliponiona alishuka, akakaa kwenye ngazi ya lori, akasema kabla sijasema, "Dada, nilitaka mama aone kwamba soko lipo. Akina mama wanamsema chinichini kwamba amewang'olesha migomba bure. Nilidhani nikipeleka habari kuwa Malawi wanagombania dawa, watatulia." Lebo alizibandua ili zisitambulike mpakani. Kwa hiyo na lile onyo dogo kwamba dawa isikaribie maji, nalo lilibanduka. Aliniomba nisikwambie. Aliapa hataleta tena, na ninavyojua hajaleta.

Chupa zilizobaki nilizinunua zote, ndiyo hayo aliyoyasikia Tunu. Ziko stoo kwangu zimefungiwa. Sijauza hata moja. Salumu alinishauri ninyamaze, maana jina langu liko Lilongwe, na mimi nilinyamaza. Beata hupita mbele ya duka kila akienda kanisani, ananisalimia, nami namwitikia.

Nilikuwa nakukinga wewe, na nilikuwa namkinga Norbert, na sitaki kusema uongo, nilikuwa najikinga mimi pia.

Tafuta wakala mwingine kama unataka, nitampokea na kumwonyesha kazi. Lakini ule ukurasa wenye neno "haihusiki" sitaubeba mimi. Mtu mwingine aubebe.

Hasna


Mbinga
14 Aprili 2024

Mwanangu,

Barua yako niliianza nikiwa nimesimama mlangoni, nikaimaliza nimekaa kwenye kizingiti.

Norbert nilimwita. Alikuja kwa pikipiki kutoka Ngaka, hajavua hata nguo za kazi. Nilimpa barua aisome mwenyewe. Akasema, "Ni kweli." Nikamuuliza ufunguo aliupata wapi. Akasema, "Mama, huwa unauacha juu ya kabati la vyombo, kila mtu anajua." Nilikuwa nimejiandaa kumkemea kwa muda mrefu, lakini sikumkemea. Yeye alichukua chupa. Mimi nilikuambia uandike kwamba samaki hawahusiki. Sikuona tofauti ya kunitosha kumpigia kelele.

Nimefanya jambo. Nilinunua perege wachache wazima kwa mfugaji mmoja wa Kitai, nikawaleta kwenye ndoo. Scolastika nilimwita ashuhudie. Tukawatia kwenye beseni, nikamimina dawa yetu kidogo tu, kama ile inayobaki kwenye bomba mtu anapofikiri amemaliza. Walianza kuja juu kuvuta hewa. Kisha wakaanza kuogelea upande. Scolastika aliniambia, "Ottilia, watoe," nikawahamishia kwenye maji safi, lakini walikuwa wameshakufa.

Hasna, mimi nilikuwa najua. Kila mtu wa milimani anajua utupa unafanya nini. Ila nilikuwa najua kama habari ya mtoni ya zamani, sikuwa najua kama kitu kilichotoka kwenye sufuria yangu.

Ukurasa uandikwe. Andika kwamba inaua samaki, na kwamba hata kidogo kinaua. Rodrick anasema ninaliua faili kwa mkono wangu. Inawezekana. Nimemshukuru kwa kazi yake.

Faili usimpe Tunu. Nilikuandikia kwa hasira mambo ambayo mtu aliyekula kwangu hakustahili kuyasoma, na ninakuomba radhi.

Nitakuja. Nitapanda hiyo boti, ingawa unajua mimi na maji. Nitakwenda kwa Beata, halafu tutakwenda wote kwa yule mama wa Lilongwe. Beata usimwambie kitu mpaka nifike. Nataka alisikie kutoka kwangu.

Mama yako,
Ottilia


Nkhata Bay
26 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeshindwa kukutii. Jana nilimwona Beata anapita, nikatoka dukani nikamfuata mpaka nyumbani kwake, nikamwambia yote.

Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuacha. Nilipomaliza akasema, "Nilijua siku ile ile. Mtu asiyejua dawa huinusa mara mbili. Wewe ulinusa mara moja ukafunga."

Nikamuuliza mbona hakusema kitu. Akasema, "Nilikuwa nangoja uje."

Akanipa sehemu ya mchele nimsaidie kuchagua. Tuliumaliza pamoja.

Anasema uje. Anasema pia mwanao aje.

Hasna


Mbinga
19 Agosti 2024

Mwanangu Hasna,

Nimefika salama, ingawa kwenye boti nilishikilia mkono wa mama mmoja nisiyemjua tangu tunang'oa nanga mpaka Mbamba Bay. Alikuwa na subira.

Tangu nirudi nimekuwa nikiisikia sauti yako ukinitafsiria pale Lilongwe. Nilikuambia usipunguze neno, na nilikuwa nakuangalia usoni kuona kama unapunguza. Hukupunguza. Yule mama alipoweka kalamu chini nilidhani tumekwisha. Kumbe alikuwa anatafuta karatasi nyingine. Kwamba wataipeleka dawa maabara waipime kwa samaki, na kwamba habari ya mabwawa ya Beata itaingia kwenye faili kama ilivyo, hayo nimewaeleza wenzangu wote.

Si wote waliofurahi. Baadhi wameng'oa utupa, wamerudisha migomba, na siwalaumu. Wengine hawaniitikii vizuri sokoni. Rodrick sasa anafanya kazi kwa watu wa kahawa. Scolastika yupo. Anasema alishang'oa mara moja, hana nguvu za kung'oa tena.

Norbert, niliyemwacha huko kwa Beata, ameniandikia ujumbe kwamba mabwawa mawili yameshasafishwa tope lote na vifaranga wameingizwa. Mwenye lori alimngoja, akachoka, akampa gari mtu mwingine. Yeye hasemi kama inamuuma. Anasema Beata anamwamsha mapema na kumsimamia kama mwalimu wa zamu. Je, anakula vizuri? Yeye ukimuuliza husema amekula.

Unaniambia Salumu bado ananuna. Mwache. Mwanamume aliyeshauri ukimya akaona mambo yamekwenda vingine anahitaji muda.

Mama yako,
Ottilia


Nkhata Bay
30 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Keti kwanza.

Cheti kimetoka. Kinga ya Mbuji imesajiliwa nchini Malawi kwa viwavijeshi wa mahindi. Niliitwa Lilongwe nikakabidhiwa mkononi, na yule mama akanishika bega. Matokeo ya misimu miwili yamesomwa yote, dawa imefaulu kwa viwavi. Kwa samaki maabara wameandika kile kile ulichoandika wewe, ila kwa maneno marefu.

Kuna sharti. Dawa haitauzwa katika wilaya yoyote iliyopakana na ziwa, wala karibu na mabwawa na mito ya kudumu. Lebo itakuwa na picha ya samaki ndani ya alama nyekundu, kubwa kuliko jina la dawa.

Wilaya yangu imo. Duka langu liko hatua chache kutoka majini, mama. Cheti kina jina langu na siruhusiwi kuweka hata chupa moja rafuni.

Usimkasirikie yule mama wa bodi. Kabla hawajaandika, aliniuliza, "Wewe wakala, ungependekeza masharti gani?" Nilifikiria duka. Nikafikiria Beata pia. Nikasema, "Isiuzwe kando ya ziwa." Akasema, "Unakaa kando ya ziwa." Nikasema, "Ndiyo maana."

Sikukuuliza kwanza. Niliogopa ukiniambia nifikirie upya, ningefikiria upya.

Salumu nilimwambia wakati wa chakula. Aliuacha ugali wake ukapoa. Halafu akaniuliza kama namjua mwenye duka yeyote Mzimba, bara, mbali na ziwa, akasema binamu yake anamjua mmoja. Kesho anakwenda kumtafuta. Kwa hiyo naona amemaliza kununa.

Mwanao,
Hasna


Mbinga
17 Septemba 2025

Mwanangu Hasna,

Nimesoma barua yako kikundini, tumebaki wachache lakini tulijaa uani. Waliposikia cheti kimetoka, walipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna harusi. Kisha nikasoma habari ya sharti. Scolastika akauliza, "Sasa Hasna mwenyewe atauza nini?" Hata wale ambao zamani walikuwa wanauliza dawa ni ya nani, safari hii hawakuuliza.

Ningekuambia ufikirie upya, ni kweli. Nafurahi hukuniuliza.

Lebo mpya imechapwa, nakutumia moja. Chini, baada ya mahali pa kutengenezewa, kuna jina lako zima. Scolastika hasomi vizuri, lakini alilitafuta kwa kidole mpaka akalipata.

Mzigo wa kwanza utatoka mvua zikikaribia. Utaupokea mpakani, maana wewe ndiye mwingizaji. Dereva ni Norbert. Amepata gari la mizigo la mtu mmoja wa Kitai, na aliomba safari hii iwe yake. Nilisita. Halafu nikampa ufunguo wa chumba mkononi, nikamwambia apakie.

Mama yako,
Ottilia


Mzimba
8 Novemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye kibaraza cha mwenye duka, mzigo unashushwa.

Nilifika mpakani mapema na cheti changu kwenye bahasha. Malori yalikuwa mengi, ya makaa na ya saruji. Norbert alipofika aliliegesha gari pembeni, akashuka, akafungua turubai mwenyewe na kushusha boksi moja akaliweka mezani kwa ofisa kabla hajaitwa. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimetoa karatasi, niko tayari kueleza.

Ofisa ni kijana, anajua Kiswahili. Alilitazama boksi, akamtazama Norbert. Akauliza, "Umebeba nini?"

Nilifungua mdomo. Norbert akanitangulia.

"Dawa ya viwavi," akasema. "Inaua samaki."

Ofisa akanyanyua macho kutoka kwenye daftari lake, kama mtu ambaye hajazoea kuambiwa. Akaomba cheti. Akasoma, akageuza chupa akaiona ile picha, akasoma tena. Kisha akagonga muhuri.

Mwanao,
Hasna